Mnyama wa Kifungu cha Nne

Siku ya Jumanne, tarehe 14 Machi, saa nne na dakika kumi asubuhi, mvua kubwa ilikuwa ikiupiga mji mkuu, na Idara ya Hali ya Hewa, ambayo haijapata kukosea tangu sheria ilipoikataza kukosea, ilikuwa ikitangaza redioni jua kali na upepo mwanana. Wananchi watiifu walitembea bila miavuli. Bwana Anakleti Msonde, Msajili Mkuu wa Majina ya Wanyama, aliufungua mwavuli wake mweusi mbele ya askari wawili wa lango la Wizara, akavuka ua, akaufunga, akaukung'uta mara tatu kama alivyofundishwa katika Shule ya Bweni ya Lukumbi, kisha akapanda ngazi kwenda kumwona Waziri aliyemwita. Kosa la mwavuli lilikuwa limekwisha kuandikwa katika faili lake kabla hajafika ghorofa ya pili.

Nchi yenyewe haina haja ya kutajwa. Msomaji akidhani anaijua, huenda anakosea. Akiona hakukosea, na anyamaze kama wanavyonyamaza wenyewe. Inatosha kusema kwamba ina mikoa mitano, wimbo wa taifa wenye beti nyingi kuliko waimbaji, na paka mmoja wa porini.

Paka huyo ndiye aliyemfanya Bwana Anakleti aitwe. Ni mnyama wa madoa meusi, mkia mfupi, masikio makubwa, na miguu mirefu kama ya mwanafunzi aliyeizidi suruali yake katikati ya muhula. Hujificha kwenye majani marefu akimsikiliza panya anavyotafuna, kisha huruka juu wima na kumwangukia. Panya wakiadimika, hukumbuka kwamba binadamu wanafuga kuku. Tangu zamani za wazee kila mkoa ulimwita ulivyopenda. Watu wa Mashariki walimwita mondo. Kaskazini alikuwa masikio-mawili, Ziwani mrukanyasi, Milimani walimheshimu kidogo wakamwita mpwa wa chui, na watu wa Bondeni, ambao hawana subira na mwizi, walimwita mkwapuzi. Hapakuwa na ugomvi. Mtu wa Ziwani akienda kuoa Milimani alimwacha mrukanyasi nyumbani akamkuta mpwa wa chui ukweni, na kuku waliibwa kwa namna ile ile.

Ugomvi ulianza pale Serikali ilipotaka nembo mpya. Nembo ya zamani ilikuwa simba, lakini nchi jirani zote nazo zilikuwa na simba, na katika mikutano ya marais simba walipangana ukutani kama watoto wa baba mmoja. Ikaundwa Tume ya watu arobaini na mmoja. Tume ilikaa miezi kumi na minne katika hoteli ya ufukweni, ikamchagua yule paka, kisha ikaamua, kwa hoja za kisayansi tu, kwamba jina lake la kitaifa liwe mondo. Rais ni mtu wa Mashariki, jambo ambalo Tume ilithibitisha katika kurasa sitini kuwa halikuwa na uhusiano wowote na uamuzi huo.

Mikoa minne ikanuna. Kuituliza, Serikali iliiruhusu kila mmoja kuongeza kitu katika picha ya nembo. Kaskazini waliomba masikio yakuzwe, yakakuzwa mpaka yakafika kiunoni. Ziwani walikumbusha kwamba mnyama wao huruka, akawekwa mabawa. Milimani hawakukubali mpwa wa chui awe mwembamba, akanenepeshwa. Bondeni walitaka achorwe na kuku mdomoni, wakajibiwa kwamba hiyo si sura ya uongozi; badala yake akashikishwa bakora. Mashariki, kwa kuwa jina lao lilikuwa limeshinda, waliridhika na mkia mrefu uliojikunja mara tatu. Hatimaye picha ilipelekwa Ikulu, ikarudi na sahihisho moja tu kwa wino mwekundu: atabasamu.

Hata hivyo minong'ono haikuisha, na hapo ndipo hekima ya Serikali ilipojidhihirisha. Ilitangazwa kwamba mikoa yote ilikuwa na haki, kwa sababu wanyama walikuwa watano. Zikaanzishwa kurugenzi tano, kila moja na mkurugenzi, naibu mkurugenzi, bendera, na gari la kumfuatilia mnyama wake. Mkurugenzi wa Mrukanyasi alikuwa shemeji wa Waziri. Mkurugenzi wa Masikio-Mawili alikuwa shemeji wa yule shemeji. Mtu mmoja tu aliandika barua ya kupinga, yenye mstari mmoja: "Mnyama huyu ni mmoja." Sahihi ilikuwa ya Bwana Anakleti. Alijibiwa kwamba maoni yake yamepokelewa na yatahifadhiwa, nayo yakahifadhiwa kweli, katika chumba cha chini kinachoingia maji.

*

"Keti, Kiranja," alisema Waziri. "Umelowa."

"Sijalowa, Mheshimiwa. Nina mwavuli."

"Wangekuona."

"Wameniona."

Waziri wa Wanyama na Heshima ya Taifa, Mheshimiwa Vedasto Lugendo, alicheka taratibu, kama mtu aliyezoea wengine wacheke kabla yake. Nyuma yake nembo ilichukua ukuta mzima: mabawa, bakora, tabasamu. Yeye na Bwana Anakleti walilala bweni moja miaka minne, na tangu wakati huo aliendelea kumwita Kiranja, kwa sauti ile ile anayoitumia mtu kumwita mbwa wa jirani ambaye anamjua lakini hamwamini.

"Kuna bibi kizee huko Kivukoni," Waziri aliendelea, "ametuletea msiba."

Msiba wenyewe ulikuwa hivi. Kijiji cha Kivukoni kiko Bondeni, kwenye kingo za Mto Lukumbi, na ng'ambo ya mto ni Mashariki. Bondeni inatumika Sheria ya Wanyama Waharibifu: kila kaya sharti iue mkwapuzi mmoja kwa mwaka na kumpelekea mtendaji mkia wake, na kaya isiyo na mkia hulala mahabusu siku mbili ikitafakari. Mashariki inatumika Sheria ya Nembo: anayemwua mondo hufungwa miaka saba. Bi Sikitu Mwakitange, mjane wa miaka sabini na mitatu, alimkuta paka kwenye banda lake la kuku akampiga mchi. Paka akaruka mto, maji yakiwa haba, akafa hatua thelathini ndani ya Mashariki. Bi Sikitu alivuka akiwa na kisu, akaukata mkia kama sheria ilivyomwagiza, na kabla hajasimama vizuri alikamatwa na Walinzi wa Nembo akiwa na ushahidi mkononi.

"Alipigwa akiwa mkwapuzi, akafa akiwa mondo," alisema Waziri. "Hakimu amechanganyikiwa. Anataka hati ya Msajili Mkuu kabla ya Ijumaa. Imekwisha kuchapwa. Bado saini yako."

Bwana Anakleti alivaa miwani yake akasoma. Hati ilithibitisha kwamba mondo, masikio-mawili, mrukanyasi, mpwa wa chui na mkwapuzi ni wanyama watano mbalimbali, wasio na undugu wowote isipokuwa uzalendo.

"Mnyama huyu ni mmoja, Mheshimiwa."

"Najua."

"Unajua?"

"Kiranja, mimi nami nimesoma Lukumbi. Nilimwona akiiba kuku wa mwalimu wa zamu kama ulivyomwona wewe. Sasa nisikilize. Ukisaini, bibi aliua mkwapuzi, anakwenda zake, na kwa upande wangu nitampa cheti cha raia mwema. Ukisema ni mnyama mmoja, basi amemwua mondo, na ni miaka saba. Ana sabini na mitatu. Wewe ndiye uliyekuwa hodari wa hesabu."

Bwana Anakleti alivua miwani. Juu ya mlango wa bwalo la shule yao palikuwa na maneno yaliyochongwa kwenye ubao wa mninga: SEMA KWELI, UKAE CHINI. Wavulana mia tatu walipita chini ya maneno hayo mara tatu kwa siku, miaka nenda miaka rudi. Kwa kadiri alivyoweza kuhesabu, yalimwingia yeye peke yake. Wengine waliingia kula.

"Vedasto," alisema, na hakuwa amelitamka jina hilo kwa miaka ishirini. "Kuna deni."

Waziri alitazama dirishani.

Walikuwa kidato cha pili. Mto ulikuwa umefurika, na Vedasto, akitoroka zamu ya kulima bustani ya shule, alijaribu kuuvuka juu ya gogo. Gogo lilikwenda zake na yeye akaenda zake. Anakleti aliruka na viatu vyake, akamtoa kwa ukosi wa shati, akamlaza kwenye tope na kumkamua maji. Usiku wa siku hiyo Vedasto alisimama juu ya kitanda mbele ya bweni zima akaapa: uhai wangu ni wa Anakleti, siku atakayonidai nitalipa bila kuuliza sababu. Bweni zima lilipiga makofi. Miaka arobaini na mitatu ilipita, na Anakleti hakudai hata kipande cha sabuni.

"Leo nadai," alisema. "Mwache yule mama aende zake, bila hati."

"Deni ni deni," alijibu Waziri. "Siwezi kulikana. Nitalipa siku ile ile utakayosaini."

"Uliapa kwamba hutauliza sababu."

"Na sijauliza. Nimeomba saini tu."

*

Kesho yake Bwana Anakleti alisafiri hadi Mwambani, mji wa Mashariki uliokuwa na mahakama, kwenda kuitazama ngozi. Kituo cha polisi kilikuwa kimeitandaza mezani na kuinyunyizia chumvi, na mkia umewekwa peke yake ndani ya bahasha iliyoandikwa KIELELEZO CHA PILI. Alitoa futikamba mfukoni, akapima kila kitu, akaandika. Mkia ulikuwa shubiri moja na nusu. Kisha akaomba kumwona mshitakiwa.

Bi Sikitu alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, na alimtazama kama anavyotazamwa mchuuzi wa samaki aliyechelewa.

"Wewe ndiye serikali?"

"Ni sehemu yake, mama. Sehemu ndogo."

"Basi kaiambie sehemu kubwa. Kuku wangu walikuwa wanne, amebaki mmoja, na huyo hatagi kwa huzuni. Mwaka jana sikupeleka mkia, nikalala siku mbili kwa mtendaji. Mwaka huu nimeufuata mkia mpaka ugenini, nimelala siku kumi na moja. Mwakani wanataka nipeleke nini, kichwa changu?"

Bwana Anakleti, ambaye alilelewa kutojibu asilolijua, aliikunja futikamba yake. Bibi aliinamisha kichwa akamkagua.

"Hebu geuka. Masikio hayo nayajua. Si wewe yule kiranja uliyemtoa mwenzio mtoni? Nilikuwa nikiuza vitumbua kwenye ua wa shule yenu. Yule mtoto alikuwa akitetemeka kama kifaranga, nikamvika kanga yangu. Kanga mpya ile, ya kisutu, sijaifua hata mara moja. Haijarudi mpaka leo. Alifika wapi yule?"

"Amekuwa Waziri, mama."

"Aa," alisema Bi Sikitu. "Basi ndiyo maana haikurudi."

Ndipo Bwana Anakleti akamweleza yote: hati, saini, wanyama watano, miaka saba. Aliyaeleza wima, kama anayesoma ripoti ya bweni mbele ya mwalimu mkuu, na alipofika mwisho alitamka kwamba hajapata kusaini uongo tangu kuzaliwa. Alitarajia, japo asingekiri, kwamba mama huyu mcha Mungu angempa baraka za kuendelea hivyo hivyo.

"Saini, mwanangu," alisema Bi Sikitu.

"Mama?"

"Saini nirudi kwangu. Mimi sikusoma Lukumbi. Huo ukweli wako mzuri, sikatai, lakini naona wewe ndiye unayeumiliki na mimi ndiye ninayeulalia."

Hakuna mkaguzi wa elimu, wala mkurugenzi, wala Waziri aliyewahi kumwambia Bwana Anakleti neno likamwingia namna hiyo. Alitoka akasimama barazani. Maisha yake yote alijivunia kusema kweli, na kweli hiyo ilimgharimu faili nene na cheo ambacho hakikupanda. Leo alitambua kwamba ni rahisi mtu kuwa mnyoofu maadamu fimbo inampiga yeye. Akaamua jambo ambalo hakuwahi kuliamua. Ikifika Ijumaa asubuhi na hajaona njia nyingine, atasaini. Kisha atajiuzulu, na hatapita tena chini ya mlango wa bwalo lile.

Alibakiwa na siku moja. Aliitumia kwa kazi ambayo hakuna aliyewahi kuifanya katika nchi ile: aliisoma Sheria ya Nembo mwanzo hadi mwisho. Hata walioiandika hawakuwa wameisoma, kwani kila mmoja aliandika kifungu chake akaenda kula. Kifungu cha kwanza kilimsifu Rais. Cha pili kilimshukuru kwa kukubali kusifiwa. Cha tatu kiliweka adhabu. Alipofika cha nne alisimama, akakisoma tena, akaenda kufunga mlango, akakisoma mara ya tatu. Kisha akaitoa ile hati mkobani na kuikunja vizuri.

*

Ijumaa mahakama ilijaa. Wakurugenzi watano waliketi safu ya mbele kila mmoja na bendera yake ndogo, Waziri akiwa katikati. Hakimu Telesfori Mchau, mtu mwema aliyeogopa kila kitu kwa usawa, aliketi chini ya nembo ya shaba iliyong'arishwa asubuhi ile kwa ndimu. Bi Sikitu aliwekwa kizimbani, na kwa kuwa kizimba kilijengwa kwa wahalifu warefu, vilionekana kilemba na macho tu.

"Bwana Msajili," alisema mwendesha mashtaka, "umeleta hati?"

"Nimeileta. Sikuisaini."

Waziri aliacha kujipepea. Kizimbani, kilemba kilishuka kidogo.

"Iambie mahakama, basi, kwa kinywa chako. Mondo na mkwapuzi ni wanyama wangapi?"

"Ni mnyama mmoja. Pamoja na masikio-mawili, mrukanyasi na mpwa wa chui. Majina ni matano, mnyama ni mmoja, na bwana mmoja aliyeketi humu amemwona akiiba kuku wa mwalimu wake."

Bendera tano zilitikisika. Mwendesha mashtaka, ambaye alikuwa amejiandaa kwa mvutano mrefu, alishangaa kuona kazi imekwisha mapema namna hii.

"Mheshimiwa Hakimu, shahidi ametusaidia. Mnyama ni mmoja, kwa hiyo aliyeuawa ni mondo. Naomba adhabu."

"Bado sijakaa chini," alisema Bwana Anakleti.

Hakimu alimtazama Waziri, akatazama saa, akamruhusu.

"Watu wa Mashariki humwita mondo, na hawana kosa. Lakini mama huyu hakushitakiwa na watu wa Mashariki. Ameshitakiwa na Sheria ya Nembo. Naomba kusoma kifungu cha nne. 'Katika Sheria hii, mondo maana yake ni mnyama aliyechorwa katika Nembo ya Taifa, sawasawa na alivyochorwa, na si mnyama mwingine yeyote, hata akiitwa hivyo na watu.'"

Kifungu hicho kiliandikwa na Tume yenyewe, ili mikoa minne isije ikadai siku moja kwamba mnyama wao ndiye mondo. Mikoa minne ilizuiwa barabara. Hakuna aliyegundua kwamba na mnyama alizuiwa vilevile.

"Naomba ngozi," alisema Bwana Anakleti, "na naomba mahakama igeuke nyuma iitazame nembo."

Mahakama, yaani Hakimu Telesfori, iligeuka.

"Masikio ya nembo yanafika kiunoni. Masikio ya ngozi hii yana urefu wa kidole. Mkia wa nembo umejikunja mara tatu. Mkia ulio katika bahasha ni shubiri moja na nusu, na haujajikunja popote. Yaliyobaki namwomba mshitakiwa aeleze, maana ndiye aliyemwona akiwa hai. Mama, mnyama uliyempiga alikuwa na mabawa?"

"Angekuwa na mabawa ningempata wapi?" alijibu Bi Sikitu kutoka kizimbani.

"Alikuwa ameshika bakora?"

"Aliyeshika kitu ni mimi. Nilishika mchi."

"Alikuwa akitabasamu?"

"Alikuwa na kuku wangu mdomoni, mwanangu. Mimi ndiye niliyemwonyesha meno."

Watu wa nyuma walicheka, wakakemewa, wakacheka kwa pua. Hakimu Telesfori alitoa leso akajifuta shingo. Ikiwa angesema kwamba ngozi ile ni ya mondo, angekuwa ametamka mbele ya umma kwamba nembo imekosewa, na kifungu cha tisa, alichokikumbuka vizuri kwa sababu kilimtisha, kilisema kwamba nembo haijakosewa na asemaye hivyo afungwe miaka kumi. Ikiwa nembo haikukosewa, basi ngozi si ya mondo. Aliipima haki kwa mizani aliyokuwa nayo: miaka saba ilikuwa ya bibi, kumi ilikuwa yake.

"Mahakama hii," alitamka, "haina shaka hata chembe na Nembo ya Taifa. Shaka yote iko kwenye ngozi. Mshitakiwa hakuua mondo. Aende zake na mkia wake."

Bi Sikitu aliteremka kizimbani bila kungoja kusaidiwa, akaipokea bahasha, akachungulia ndani kuhakikisha hawakumbadilishia. Mambo yangeweza kuishia hapo. Bwana Anakleti alikuwa amekwisha kuinama kukikamata kiti. Lakini mwendesha mashtaka hakuwa amezoea kushindwa, maana katika nchi ile hawashindwi, na hasira ilimfanya aulize swali ambalo mtu mwenye akili asingeliuliza.

"Bwana Msajili. Ikiwa ngozi hii si ya mondo, basi mondo wa kweli, mondo wa Sheria, anaishi mkoa gani?"

Waziri aliinua kiganja polepole, kama anayemzuia mtoto asivuke barabara. Ishara ilieleweka: sema Ikulu, sema milima ya mbali, sema hujui. Bwana Anakleti aliiona. Aliona pia kwamba bibi alikuwa amekwisha kuvuka kizingiti cha mlango, na kwamba kuanzia sasa fimbo yoyote itakayoshuka itashuka mgongoni pake yeye peke yake. Moyo wake ukawa mwepesi.

"Haishi mkoa wowote," alisema. "Hajazaliwa. Nchi hii inaongozwa kwa jina la mnyama ambaye hayupo."

Akakaa chini. Askari wakamsimamisha.

*

Serikali haikukaa bure. Wiki iliyofuata ilianzishwa kurugenzi ya sita, Kurugenzi ya Kumtafuta Mondo wa Kifungu cha Nne, chini ya shemeji aliyekuwa bado hajapata kazi. Misafara ilikwenda pande zote ikiwa na nakala za nembo. Kijiji kimoja cha Kaskazini kiliripoti kwamba kimemwona mnyama mnene mwenye tabasamu na bakora akishuka kwenye gari. Uchunguzi ukaonyesha kwamba alikuwa mkurugenzi.

Bwana Anakleti aliwekwa katika chumba kile kile cha mahabusu pale Mwambani, juu ya mkeka ule ule. Kila Jumamosi Bi Sikitu alivuka mto, akaketi nje ya nondo, akampitishia yai moja la kuchemsha lililofungwa kwenye kitambaa. Kuku wake alikuwa ameanza kutaga tena. Mtendaji wa Kivukoni, kwa upande wake, alikuwa ameukataa mkia kwa kuwa ulikuwa na mhuri wa mahakama, na bibi alikwenda kulala zile siku mbili zake, akatoka, hakuona cha kushangaza.

"Ungesaini tu," alimwambia siku moja, akimtazama anavyomenya yai. "Lakini ulivyowasomea kile kifungu, nilifurahi. Kula, limeanza kupoa."

Wiki ya tano alikuja Waziri. Nje ya dirisha zilisikika sauti za waandishi wa habari na mpiga picha akitafuta mahali penye mwanga. Waziri aliingia peke yake, na kwa kuwa hapakuwa na kiti, alibaki amesimama.

"Kiranja," alisema, "nimekuja kulipa."

Bwana Anakleti alikuwa amekaa mkekani, mgongo wima, shati limefungwa hadi kifungo cha juu. Alimsikiliza.

"Watu wanasema Waziri amemfunga aliyemwokoa asife maji. Yule bibi anahadithia mto mzima, anahadithia na habari za kanga. Si sura nzuri, na uchaguzi uko mlangoni. Nimezungumza na wakubwa. Utatoka leo, bila saini, bila sharti. Tutapita mlangoni pamoja, nitakushika mkono, wapige picha moja, basi. Uhai kwa uhai. Sitaki kudaiwa tena."

"Ulikuwa bado unakumbuka," alisema Bwana Anakleti.

"Nitasahauje? Miaka arobaini na mitatu kila nikikuona koridoni nahisi maji puani. Unadhani ni raha?"

Lilikuwa neno la kweli, pengine la kwanza kutoka kinywani mwake tangu siku ile ya gogo, na Bwana Anakleti alilipa heshima yake: alisimama ili kumjibu.

"Vedasto. Kwa miaka thelathini na moja kazi yangu imekuwa kuandika majina ya kila chenye miguu katika nchi hii. Sijaacha kitu. Nyoka nimemwandika, na kupe nimemwandika, na kila mmoja nimempa majina yake yote kwa mikoa yake yote. Hapa nimekaa wiki tano bila kazi, nikakitafutia jina kile nilichokitoa Mto Lukumbi siku ile. Mashariki sikulipata, Bondeni sikulipata, wala Kaskazini, wala Ziwani, wala Milimani. Wakati ule nilidhani ni mtu. Nilikosea, na kosa ni langu, kwa hiyo hasara nayo ni yangu. Hunidai, sikudai, na mlangoni sitapita na wewe. Kanga ya Bi Sikitu irudishe. Yeye alikuvika akidhani una baridi, na hilo lilikuwa kweli."

Kisha akakaa chini.